Mpini wa Koleo

Chumba Na. 9, Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Karakana ya Seremala.
Jumatano, tarehe 11 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naanza kwa kukuulizia goti, kwa kuwa barua yako ya mwisho ilisema siku hizi unapanda ngazi huku ukizihesabu. Je, ile dawa ya kuchua imefaa kitu? Mkaza mjomba naye, kikohozi kimemwachia? Na mama yangu, dada yako, bado yuko vitani na jirani kwa sababu ya ule ukuta? Mimi ni mzima, ila vidole viwili vya mkono wa kulia vimevimba. Ndiyo maana mwandiko huu si ule uliouzoea, na sababu ya uvimbe huo ndiyo barua yenyewe.

Mwanao Gesi yuko hai. Natanguliza hilo ili uweze kusoma yaliyobaki. Amelazwa tangu Jumamosi. Taya limevunjika mahali pawili na limefungwa kwa waya. Jicho la kushoto limefunikwa, na daktari atalifungua Ijumaa ndipo tujue kama litaona. Aliyempiga ni mimi, mpwa wako. Hatukuvamiwa na mtu, wala hakuanguka.

Ningeweza kukupigia simu. Sikupiga kwa kuwa ninajijua: kwenye simu ningejitetea, na mimi nikijitetea hushinda. Kwenye karatasi kila neno hubaki mahali pake likinitazama.

Unakijua chama chetu, maana niliwahi kukusifia. Tu watu wanne tunaokutana Jumamosi mchana katika karakana ya seremala, kati ya vumbi la mbao na harufu ya gundi, kila mmoja na pombe yake ya mtama aliyoipika kwa mkono wake. Seremala ndiye mwenyekiti kwa sababu viti ni vyake. Mama Mikate ni mwokaji, na yeye huichungulia pombe kama anavyouchungulia unga. Wengine ni Gesi na mimi. Tunaonja, tunasifu, tunakosoa, na zaidi ya yote tunabishana: ipi ni pombe ya asili, na ipi ni ya kuigiza?

Katika ubishi huo nilikuwa sina mpinzani, au ndivyo nilivyojihesabu. Niliandika hati ya kurasa kumi na moja yenye masharti saba ya pombe ya kweli: kimea kikaushwe juani, pombe ichachie kwenye mtungi wa udongo, chachu ya dukani isiikaribie, na kadhalika. Nilitia maelezo chini ya kila ukurasa. Sharti la saba lilihusu mwiko wa marehemu Bibi, ule ulionikabidhi wewe siku nilipohitimu. Niliandika kwamba ulichongwa kwa kipande kimoja cha mti enzi za mama yake Bibi, na kwamba kwa kuwa katika ukoo wetu hauoshwi kamwe, bali hufutwa kwa kiganja kikavu na kutundikwa, chachu yenyewe inaishi ndani yake. Hata ule waya uliozungushiwa katikati niliueleza. Niliuita pambo, ishara ya ufundi wa kale. Mjomba, niliandika hivyo.

Gesi hakuwahi kuandika kitu. Hoja yake ilikuwa pipa la chuma alilolitia ndani ya jokofu bovu la muuza nyama, akalitengeneza mpaka likashika baridi moja mchana na usiku. Hutia hamira ya dukani, ile ile ya Mama Mikate. Mimi nilimwita msaliti wa mtama. Yeye aliniita Digrii, na karakana nzima ikalipokea jina hilo kwa shangwe.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tupige kura ni pombe ipi iende kwenye maonyesho ikiwa na kibandiko cha "Pombe ya Asili". Mimi ndimi niliyependekeza tuonje bila kujua ipi ni ya nani. Nilidai kwamba ulimi uliolelewa na pombe ya Bibi haudanganywi. Mama Mikate alimimina kwenye vikombe vinne vyenye namba.

Nilionja vyote. Nilifumba macho. Nikasema, kwa sauti ninayoitumia ninapotaka kusikilizwa, kwamba namba tatu ndiyo ya Bibi: ukali unaochelewa, moshi kidogo, utamu unaokuja mwishoni kama mgeni aliyesahau kofia. Nikasema namba tatu ni yangu, na kama si yangu basi mtungi wangu umehamia kwa mtu.

Mama Mikate alishika kiuno. "Jamani, nishikeni mbavu! Digrii kaipa ndoa hamira yangu!"

"Namba tatu ni ya kwangu, kaka," Gesi alisema. Hakucheka, nakuapia. "Ya pipa."

Nilimwambia ametumia mwiko kwa siri, kwamba bila mwiko ladha ile haiji.

"Sijaugusa. Funguo ya kabati unayo wewe."

"Basi umeiba machicha yangu."

"Kaka, punguza moto. Pombe ni mpishi. Na huo mwiko unaouapia, mbona si ule?"

"Sema tena."

"Si ule. Kamuulize mzee."

Mzee ni wewe, Mjomba. Barua ya siku nne, ama simu ya dakika mbili, na ungeniambia. Badala ya kukuuliza, nililipiga teke pipa lake, alilokuwa amelitoa jokofuni na kulileta pale kwa ajili ya kura.

Lilianguka na kumwaga kazi ya wiki tatu juu ya vumbi la mbao. Gesi alinikamata ukosi, akanibamiza juu ya benchi la seremala hata patasi zikaruka. Yeye ni fundi wa majokofu, ana mikono ya kubeba kompresa. Mimi nina mikono ya kubeba vitabu. Alinishikilia pale, akaniambia kwa upole uliozidi kuniumiza, "Tulia. Tulia basi, mwana wa shangazi." Ningetulia tungekuwa tumeshapatana. Mkono wangu ulipapasa benchi ukaukuta mwiko, ambao niliuleta kwa fahari nikaulaza juu ya kitambaa cheupe ili wauone.

Pigo la kwanza lilimpata chini ya jicho. Aliniachia, akapiga magoti. Hapo palitosha, hata kwa mtu mwenye hasira. Hakuwa tena na mikono juu yangu. Alikuwa amejishika uso na damu ikimpita kati ya vidole. Pigo la pili nililipiga nikiwa nimesimama naye akiwa chini, kwa mikono miwili, kama mtu apasuaye kuni. Nilisikia taya. Nilisikia pia mwiko ukikatika, na nikiri kwako jambo baya kuliko yote: katika sekunde ile nilichosikitikia ni mwiko.

Seremala alinidaka kwa nyuma. Nilimpiga kiwiko cha mdomo, jino moja likatoka. Mama Mikate ndiye aliyenimaliza: alinimwagia ndoo nzima ya maji ya kuoshea vikombe, kisha akanipa kofi ambalo lilinikumbusha kwamba ana wajukuu wa umri wangu. Halafu akapiga magoti penye damu na pombe, akamlaza Gesi ubavu asije akakabwa na meno yake mwenyewe.

Hospitalini Gesi alimwandikia muuguzi kwamba ameanguka kwenye ngazi akitengeneza jokofu. Nilimwambia muuguzi ukweli, kisha nikaenda kituo cha polisi kwa miguu yangu. Wameandika maelezo yangu, na Jumanne naripoti. Shemeji, mkewe, alikuja na sindano za cherehani zikiwa bado zimechomekwa kifuani. Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Watu wazima na vyeti vyenu," alisema, "mnauana kwa ajili ya uji uliochacha." Nilimpisha apite.

Sasa nifike kwenye swali. Jumapili nilirudi karakana kuokota vipande viwili vya mwiko. Vilikuwa na damu ya mwanao, nami sikuweza kutundika kitu kama kile. Nikavunja mwiko wa ukoo: niliuosha. Nilisugua kwa sabuni na brashi ya chuma. Maji yalikuwa mekundu, kisha yakawa meusi, maana ule ukoko wa miaka na miaka uliachia wote. Chini yake mpini ulikuwa mweupe, laini, wa duara kamili, wa mti usiofanana kabisa na ule wa kichwa cha mwiko. Na juu ya mpini palikuwa na muhuri wa kiwanda uliochomwa kwa moto: picha ya koleo na namba nne.

Ni mpini wa koleo. Na waya wangu wa ufundi wa kale haukuwa pambo hata kidogo, ulikuwa bendeji. Pale ndipo ulipovunjika Jumamosi, na ni wazi pale pale uliwahi kuvunjika zamani.

Nakuuliza leo, kwa kuchelewa, lile ambalo Gesi aliniambia nikakuulize. Ule mpini wa kwanza ulivunjikia wapi?

Ijumaa.

Mjomba, nilikuwa sijaibandika stempu barua hii, na sasa sihitaji tena uniandikie jibu. Nimelipata, na nadhani ungechelewa kunipa, na ungekuwa na haki.

Asubuhi hii daktari alilifungua jicho. Shemeji alisimama kushoto, mimi mlangoni, maana sijaruhusiwa kukaribia zaidi ya hapo na sijaomba. Daktari alilifunika jicho zima, la kulia, akainua vidole viwili, akamwambia Gesi aandike anachoona. Gesi aliandika: Mkono. Daktari akauliza ni vidole vingapi. Gesi alikodoa kwa muda mrefu, kisha akapigia mstari neno lile lile: Mkono. Daktari anasema hapo ndipo litakapokomea. Ataona mkono, hataona vidole. Unajua kazi yake, Mjomba. Anaziba matundu ya mabomba membamba kuliko bua la mtama, na jicho alilokuwa akichungulia ni hilo.

Shemeji alipotoka kwenda kulia uani, Gesi aliniita kwa kidole. Niliketi. Nilimwambia kuhusu muhuri na waya. Aligeuza karatasi ya dawa akaandika kwa herufi kubwa, mstari mmoja mmoja, nami nakunakilia alivyoandika:

"Babu aliuvunja. Mgongoni kwa Bibi. Baba alikuwa na miaka saba. Alitumwa aokote vipande na kuchomoa mpini kwenye koleo. Kimea kilikuwa tayari, wateja walikuwa njiani. Alifunga waya, akapika. Wote walisifu pombe."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Aliandika: "Ulikuwa unaupenda sana."

Kisha akaandika jambo la mwisho, na hapo nilidhani ananitusi, mpaka nilipoona jicho lake zima linacheka: "Umeuosha? Mjinga. Na chachu je?"

Nimekaa na karatasi ile tangu saa nne. Kurasa zangu kumi na moja nimeziweka kando yake nikazilinganisha. Nilizunguka huku na huko nikitafuta kitu kilichotufikia kutoka kwa wazee bila kuchanganywa na chochote. Udongo ulibadilika, mti ulibadilika, chachu ilibadilika, na pombe ikabaki ya Bibi hata ndani ya jokofu la muuza nyama. Kilichonifikia kama kilivyokuwa, bila hamira ya dukani, ni kile alichokifanya Babu. Hicho nilikishika kwa mikono miwili, na hakuna aliyenifundisha.

Basi nakuarifu nilivyoamua, si kwa kuomba sifa. Kazini nimeomba likizo isiyo na malipo. Polisi wakiniacha, kuanzia siku Gesi atakaporudi kazini nitambebea sanduku la vifaa, nitashika tochi, nitatazama matundu asiyoyaona na kumwambia yalipo. Yeye ameandika kwamba atanifukuza kwa sababu nitaongea sana. Shemeji bado hasemi nami. Msimhimize kunisamehe, nanyi msiharakishe. Kama ukija kunihukumu, njoo; kama goti halikuruhusu, niite nami nitasimama mbele yako.

Vipande vya mwiko nimevifunga kwenye gazeti na kuviweka kabatini. Shemeji anataka vichomwe, Gesi hataki. Uamuzi ni wako. Safari ile ulitumwa, mtoto wa miaka saba, ukaokote. Safari hii usiiname, Mjomba; nimeviokota mwenyewe, na waya sitafunga.

Nisalimie mkaza mjomba, na umwombee kwangu radhi kwa maneno utakayoyaona wewe yanafaa, kwa kuwa mimi nimeshindwa kuyapata. Msalimie mama, msomee barua hii yote, usimrukishe pale pa mama yake. Nawasalimu pia Kitindamimba wenu, Babu wa Redio wa hapo mtaani, na yule binti wa shangazi anayejifunza kuoka. Mungu aliondoe goti lako katika maumivu, na aijalie nyumba yako mkono usioinuka juu ya mtu.

Wako akupendaye, aliyekuumizia mwana,

Mpwa wako, Digrii.