Kuku Mwenye Mwiko

Stockholm, 1972

Shikamoo Shangazi Mwanaidi,

Huku baridi inang'ata masikio, lakini juzi nilitokwa jasho. Nimeomba kazi ya kutunga visa vya filamu fupi za katuni, na huku mtunzi hasomi kisa chake, anakiigiza mbele ya wachoraji. Basi nikajifunga ile kanga uliyonipa, nikawa kuku anayemfukuza mbweha jikoni kwa mwiko. Nikatingisha nyonga, nikasonya, nikafoka kwa sauti unayoijua wewe, "Toka! Ulinisaidia kumenya vitunguu?"

Hakuna aliyecheka. Wote wameinamisha vichwa kama wako kwenye hotuba ya Ijumaa. Nikaanza kufungua kanga yangu nijiondokee.

"Unakwenda wapi?" akauliza mkuu wao, mama mmoja mwenye mvi. "Hebu geuka tena, polepole. Hatujamaliza kuchora."

Kazi nimepata! Leo ukuta mzima umejaa kuku mnene, bawa kiunoni, jicho la pembeni. Wameniuliza nimemtoa wapi. Nikasema nimembuni tu, na hapo ndipo walipocheka.

Mungu akutunze, Shangazi. Siku nikirudi, tafadhali uweke mwiko mbali kabla sijaingia jikoni.

Mwanao,
Saidi