Mbuzi Juu ya Kabati

Kabibi, mkaza mwanangu,

Samaki leo mkaange, tui hakuna. Mbuzi ya nazi nimekwenda nayo kiliniki kwa tuktuk. Mvua ikija, anua nguo.

Najua uliificha juu ya kabati kwa sababu mtaalamu wa mazoezi alisema mifupa yangu imepungua nguvu, nisiiname. Sasa asubuhi nimepanda kiti kuiteremsha! Sikuanguka. ~~Usimwambie mumeo.~~ Mwambie, na kiti chake akigongomee mguu.

Nataka mtaalamu anioneshe jinsi ya kuifunga mezani, nikune nikiwa nimesimama. Nunua nazi mbili, kesho nakuna mwenyewe.

Yeye alinikataza kuinama tu, mwanangu. Kupika umenikataza wewe.

Mavyaa wako