Ufunguo Unaoitwa Mgeni

Jumanne usiku, Kanyenye

Na kwa nini mtu aupe ufunguo jina la "mgeni"?

Asubuhi nilifungua ukurasa wa msimamizi nikapitia funguo zote za API za ushirika wetu wa asali, ile mifuatano mirefu ya herufi ambayo mizani za vituoni hutumia kuingia kwenye mfumo. Nikauona huo "mgeni", umetumika jana. Damu ilinichemka. Mgeni gani anaingia kwetu bila hodi? Nikauzima palepale.

Mchana simu ikaita kutoka kituo cha Usinge. Mizani haitumi uzito, wafuga nyuki wamekaa juani na ndoo zao.

"Shikamoo mama. Naongea na nani?"

"Marahaba. Bi Mgeni hapa, mpokea asali."

Nilikaa chini. Kumbe fundi aliyenitangulia aliupa kila ufunguo jina la mtu anayeutumia, na mfumo huandika majina yote kwa herufi ndogo.

Nikauwasha, nikamwomba radhi. Akacheka. "Mwanangu, mimi niko hapa miaka yote. Mgeni ni wewe."

Nami nilicheka, lakini sasa usingizi hauji. Kuna ufunguo mwingine umeandikwa "mashaka", nao umetumika leo. Nikiuzima, huenda kituo kingine kikakwama. Nikiuacha...

Jioni nilimuuliza meneja, nikawapigia watu wa vituo vyote, hadi Ulyankulu. Wote wamenijibu jibu moja: hatuna Mashaka.

Mimi ninayo.