Shamba la Juu

Jumatatu, 3 Juni

Pumzi ya kupanda mlima niliipoteza wiki ya Pasaka. Shamba langu la vitunguu saumu liko mlimani juu ya nyumba, huku kijijini Daudi. Nililinunua kabla sijaolewa, kwa kuuza mitumba mnadani. Tangu Pasaka sijalikanyaga. Leo nimekamua ng'ombe, nimechemsha chai, nimekaa nje kuliangalia. Ukungu ukiondoka naona uzio. Basi.

Jumatano, 5 Juni

Wifi Veronika kaja na maziwa mgando, siagi imeelea juu.

"Wifi, umenawiri. Kaka anakulisha, hata mlango unakuogopa."

Tumecheka. Nimekunywa yote, kukataa ni kumtukana. Kasifu mpaka miguu yangu. Ile siyo kunawiri, imevimba. Lakini huku mwili wa mke ndiyo heshima ya mume. Ukipungua wanauliza una nini.

Alhamisi, 6 Juni

Zahanati. Kilo 104. Presha 118 kwa 76. Sukari imesogea, kisukari bado. Wameniongezea dawa ya pumu ya kuvuta. Haijawahi kunisaidia.

Hesabu haikubali. Presha nzuri, kisukari hakuna. Pumzi imekwenda wapi?

Jioni mume wangu Daniel kaniambia mdogo wake analitaka shamba, kulikodi miaka mitano. "Mama Elia, wewe hupandi tena." Kasema huku ananiongezea ugali. Nimeumia.

Jumanne, 11 Juni

Hospitali kubwa, nimekwenda peke yangu. Wamenipiga picha ya moyo. Daktari ni dada wa Tanga, mpole, hazunguki.

"Mama, ile ya mkononi ni presha nyingine. Ya kwako imepanda kwenye mishipa ya mapafu. Kipimo cha mkono hakiioni."

Siyo pumu. Upande wa kulia wa moyo unasukuma, unachoka, ndiyo maana miguu inajaa maji. Nimeuliza sababu. Kasema ziko nyingi, vipimo vingine bado. Ila uzito umo. Insulini, ile ya kushusha sukari, ninayo nyingi, mwili unaitwa hauitiki, na hali hiyo nayo inaikaza mishipa ya mapafu. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, inazidisha.

Miaka yote nilijivunia ile 118. Nilikuwa napima pasipohusika.

Nimeuliza, nitapanda mlima tena? "Siwezi kukuahidi. Punguza mwili taratibu, meza dawa, tembea tambarare. Mlima bado."

Nimelia kwenye basi. Abiria mmoja kanipa karanga. Nimezirudisha.

Alhamisi, 13 Juni

Chakula nusu. Veronika kaona sahani, kauliza kama kaka yake kafilisika. Daniel kanuna. Anaona aibu, mimi naona hofu.

Natamani harufu ya kitunguu kibichi mikononi. Natamani ule wakati Daniel akitangulia na jembe, mimi nyuma, napiga mluzi. Sasa nikiinama kufunga kiatu naona giza.

Ijumaa, 14 Juni

Dawa imetoa maji, viatu vinaingia. Nimetembea mpaka kisimani na kurudi, tambarare, bila kusimama.

Mdogo wake Daniel anakuja kesho kuchukua jibu. Nimemwambia Daniel mara moja, bila kelele: shamba langu linanisubiri, au unanihesabu nimeshakwisha? Kaenda kufunga zizi.

Kuna baridi. Moto unaisha. Sitaki "tutaona". Ndiyo au hapana, kesho, kabla ng'ombe hawajatoka.