Mtani, Kesi Yako Imeitwa

Mpendwa mtani,

Tangu tukuzike nimeshindwa kuangalia mpira wa Kimarekani peke yangu. Jana Jumapili nilijaribu. Nilipika makande, nikawasha TV, nikakaa kwenye kochi lako, yaani lile kochi langu ulilolikalia miaka yote hadi likabonyea kwa umbo lako. Mchezo haujafika mbali mwamuzi akarusha kitambaa cha njano. Nikageuka kukuuliza kosa ni lipi. Basi nikazima TV, nikaamua kukuandikia, na wengine wakitaka kusoma wasome, maana wewe hukuwahi kuwa mtu wa kunong'ona.

Unakumbuka tulivyojuana? Ilikuwa kwenye lifti ya jengo letu pale Dixon, mwaka wangu wa kwanza Toronto. Ulinisikia nikimgombeza mwanangu Elibariki kwa Kiswahili, ukaniuliza kwetu wapi. Nikasema Machame. Ukabana mkoba wako kwapani na kusema, kwa masikitiko makubwa kabisa, kwamba leo umepanda lifti na mwizi. Nikajua wewe ni Mpare, nami nikakuuliza kama ulihamia Kanada kwa sababu mahakimu wa Same walikuchoka. Wewe ulikuwa unashuka ghorofa ya nne, lakini tulicheka hadi ya tisa, ukaingia kwangu kunywa chai na hukutoka mpaka jioni. Sijui kama niliwahi kukuambia kwamba kabla ya siku ile nilikuwa nimekaa miezi sijasikia mtu akinitukana kwa upendo.

Anayesoma na hajui, ajue: mimi Mchaga, wewe Mpare, na makabila yetu ni watani. Ninyi mnasema sisi ni wezi na tunaabudu fedha. Sisi tunasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Hakuna anayenuna. Na msiba ukitokea, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumtania hata marehemu, ili wafiwa wacheke kidogo katikati ya machozi.

Mpira wa Kimarekani ni wewe uliyenifundisha. Ulikuwa ukimtunza mzee mmoja kule mtaa wa Agincourt ambaye Jumapili haachi mchezo hata kwa dawa, ukajifunza kanuni zote ukimlisha supu. Mimi niliona wanaume wenye helmeti wakirundikana tu. Wewe ukaniambia nitulie, nitazame vizuri, huu mchezo lazima ulitungwa na Mpare. Mwamuzi akiona kosa anarusha kitambaa, watu wote wanasimama, anawasha kipaza sauti na kusoma hukumu mbele ya umma. Kocha asiporidhika anarusha kitambaa chekundu, yaani anakata rufaa, na ushahidi wa picha unaletwa. Raha iliyoje kwa mtu wa kwenu. Ukakata kipande cha kanga ya njano, ukawa unanirushia mimi nyumbani kwangu mwenyewe: kosa, kuongeza chumvi bila idhini, kosa, kupokea simu wakati wa mchezo. Nilipokurushia wewe, ulibisha mpaka makande yakapoa.

Lakini kilichokuvuta zaidi ni tabia za wale wachezaji. Ulikuwa ukisema magoli yao huyajali. Mchezaji akimvamia mwenzake kwa kichwa ulimfokea kama mwanao. Akimwangusha mtu kama gunia la mahindi, kisha akainama na kumpa mkono ainuke, ulipiga makofi, hata kama ni wa timu usiyoipenda. "Umeona?" uliniambia. "Kazi wameifanya, na undugu uko palepale." Nimeangalia mpira na watu wengi baada ya hapo. Wote hutazama aliyekimbia na mpira. Wewe tu ulitazama mkono ulionyooshwa.

Halafu ukaja ule mwaka ligi ya Marekani ilipojadili kanuni mpya: mchezaji akitamka uwanjani lile neno la kuwatukana watu weusi, timu yake irudishwe nyuma yadi kumi na tano, hata kama yeye mwenyewe ni mweusi na anamwambia rafiki yake mweusi. Mimi niliunga mkono. Neno lile niliwahi kutupiwa na mteja dukani nilikofanya kazi. Wewe ulikataa kabisa. Tulibishana wiki nzima, kwa simu, kwenye lifti, mpaka kanisani wakati wa matangazo. Hoja yako ilikuwa moja tu. "Mwamuzi asiyejua nani ni mtani wa nani," ulisema, "atafunga jela msiba mzima." Mwishowe ligi haikuipitisha, ikasema kanuni zilizopo zinatosha, nawe ukatembea kwenye korido kama wakili aliyeshinda.

Msimu wa vuli jambo hilohilo likabisha hodi kwetu. Elibariki alikuwa akicheza timu ya shule, na mpira ule ndio uliokuwa unamwamsha asubuhi. Siku moja uwanjani akamwita rafiki yake Jordan, mweusi mwenzake, lile neno, naye akamrudishia, wakicheka, kama walivyozoea kuitana. Mwamuzi alilisikia. Mkuu wa shule akatuita, na habari ilikuwa kwamba wote wawili huenda wakaondolewa timuni moja kwa moja. Mwanangu hakula siku mbili. Mimi nililia jikoni. Wewe ulivaa suti yako ya kanisani, ukasema kesi hii ni yako.

Mtani, sitaisahau siku ile. Tumekaa ofisini: mkuu wa shule, kocha, vijana wawili wameinamisha vichwa, na yule mwamuzi, mzee mweusi mwenye mvi, kofia yake magotini. Ukajitambulisha kama shangazi wa kijana. Kisha, bila kunionya, ukanigeukia na kuwaambia kwa Kiingereza chako kilichonyooka kwamba wajihadhari na pochi zao, mama huyu ni mwizi, na ukoo wake wote ni wezi. Mkuu wa shule akabadilika rangi. Nikaelewa unachofanya, nikawajibu: huyu msimsikilize, ameuza ng'ombe wa babake kwa kesi ya kuku. Ukacheka, nikacheka, ukaushika mkono wangu juu ya meza. Ukawauliza: katika sisi wawili, nani aadhibiwe?

Kocha alitabasamu. Nikaona tunashinda, na mtu mwingine yeyote angeishia hapo. Lakini wewe ukamtazama yule mzee. Ukamuuliza kwa heshima kama yeye, alipolisikia neno lile, alicheka. Akasema hapana. Akasema alipokuwa na umri wa vijana hawa, neno lile lilikuwa likija pamoja na mawe. Alisema hivyo tu, bila hasira, akaangalia kofia yake magotini.

Ukawageukia vijana, ukasema nao kwa Kiingereza, taratibu, ili kila mtu asikie. Uliwaambia utani una wenyewe, na mzee huyu si mwenyewe. Uwanjani kuna masikio ya watu wengine, na wao wamemrudisha mahali ambapo alitumia maisha yake yote kutoka. Ukawaambia wasimame wamwombe radhi, kisha ukamwomba mkuu wa shule asiwafukuze, ila awape adhabu. Mpare aliyekuja kushinda kesi akaiomba adhabu mwenyewe. Walikosa mechi mbili. Na yule mzee, tulipokuwa tunatoka, alimpa Elibariki mkono, akaushika muda mrefu. Ulinikanyaga mguu ili nitazame.

Kwenye basi nilikuuliza kama sasa unakubali kanuni ile ilikuwa ya haki. Ukasema bado ilikuwa mbovu, kwa sababu inahesabu yadi na haimuulizi aliyeumia. Nilikuwa nakutazama tu, najivunia kwamba Mungu alinipa mtani kama wewe katika nchi ya baridi.

Sasa nikwambie ya siku ya mazishi yako, maana ulikuwepo lakini hukusema kitu. Ukumbi ulikuwa kimya, maua meupe, watu wanalia kwa adabu. Binti yako Namsifu alikaa kama aliyemwagiwa maji. Nikasema, hapana, mtani wangu hawezi kuondoka hivi. Nikaenda mpaka kwenye jeneza, nikapaza sauti: "Wewe Mpare, amka, kesi yako imeitwa. Hakimu anasubiri." Watu wakashtuka. Mzee mmoja wa kanisa, mpole, asiyejua mambo ya kwetu, akanijia na kunishika bega, akaniomba tumheshimu marehemu.

Ndipo Elibariki akasimama. Unamjua, kijana ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza tangu chekechea. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti nzito, kila mtu akasikia: "Mzee, mwache mama. Ni mtani wake."

Mzee akaniachia. Nikatoa kwenye mkoba ule ukanda wako wa kanga ya njano, niliouiba kwako kama ulivyotabiri kwenye lifti, nikaurusha kifuani pako. Nikatangaza kama mwamuzi: "Kosa: kuondoka uwanjani kabla ya filimbi." Namsifu akacheka, kisha akalia kweli, kilio cha kumtua mtu mzigo, na ukumbi mzima ukacheka na kulia naye.

Mimi nilibaki nimesimama pale. Miaka yote ile hukuwahi kukubali hukumu yangu hata moja. Nikakusubiri ukate rufaa, mtani, na hukukata.

Lala salama. Kochi sijampa mtu.

Ni mimi mtani wako,
mwizi wa ghorofa ya tisa.