Tonge la Ijumaa Kuu

Ni mwaka mmoja leo, Baba Generosa, tangu homa ilipokuchukua, na bado kuna jioni nakutengea maji ya kuoga kabla sijakumbuka.

Ulikuwa katekista wa kigango chetu hapa Ushirombo miaka kumi na tisa. Baiskeli yako ilifika kwa wagonjwa kabla ya padre. Ukipewa hata kikombe cha maji ulisema, "Wabeja, mayo," asante mama kwa Kisukuma chako, ukakaa, ukasahau saa. Chakula kilipoa nami nikanuna. Natamani ninune tena.

Wengi wanaosoma kumbukumbu hii wanakumbuka Ijumaa Kuu ya mwaka jana, 1984. Watu walikungoja uongoze Njia ya Msalaba. Tulikufuata na akina mama, tukakukuta kwa jirani yetu Mwanaima, Mwislamu, aliyekuwa amefiwa na mume. Duara, shimo la wachimba dhahabu, lilimfukia kule Geita. Ulikuwa unakula ugali kwa nyama. Wewe, uliyetuhubiria mfungo Kwaresima nzima. Niliona aibu.

Nyumbani ulinieleza taratibu: "Mama Generosa, leo siku ya tatu hajatia kitu mdomoni. Kasema hali peke yake. Nilipomega tonge, naye akamega. Kwa Mungu nitajieleza mwenyewe."

Kesho yake wazee wa kigango waliniita. Wewe ulikuwa umekataa kujitetea, hukutaka isemwe kwamba mjane ndiye aliyekuponza. Wakaniuliza kama ulikuwa na sababu. Nilijua, nikasema sijui. Ilikuwa hasira tu, mume wangu. Wakakusimamisha kazi, na Pasaka ulisali benchi la nyuma, ukiimba sauti ya nne kama kawaida. Hukuniuliza nilijibu nini. Miezi mitatu baadaye tulikuzika, hujarudishiwa kazi yako.

Nimekukumbuka kupita kiasi. Nilidhani namtetea Mungu, kumbe nilikuwa natetea jina langu mbele ya akina mama wenzangu. Nimeungama kwa padre, lakini moyo haujatulia, kwa sababu wazee wale hawajasikia.

Basi wasikie leo: Telesphori Bujiku alikula ili mwenzake ale. Mimi nilijua tangu siku ile. Nisamehe.

Unakumbukwa na mkeo Lukresia, wanao Generosa na Donatus, dada yako Apolonia, wajukuu wako wote, na Mwanaima, aliyekuja mwenyewe kuomba aandikwe pamoja nasi. Maadamu tunaishi, hatutakusahau.