Mwambie Antoinette Angoje

Koekelberg, Bruxelles, 3 Septemba 2006

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Habari ya nyumbani? Na magoti yako yanasemaje? Mimi ni mzima, nashukuru Mungu. Jua bado linawaka huku. Jioni watu wazima wanakaa mbele ya Basilika wakilamba aiskrimu kama watoto.

Bon, mama, nisikuzungushe. Antoinette, binti wa Papa Modeste, yule aliyekuja kwako mwezi wa saba nilipokuwa likizo, ndiye huyo. Sitaki mwingine. Mwambie tonton Bertin, mzee wa familia yetu, aende kuwabishia hodi. Pasaka nitakuja mwenyewe na mahari. Hapa kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, wazee wananicheka kwamba natandika vitanda huku nikiyatabasamia mashuka.

Mtoto wako,
Hilaire

Lubumbashi, 15 Oktoba 2006

Mwanangu Hilaire,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti yananiambia mvua iko njiani, mengine yote salama. Na wewe, unakula?

Tulikwenda Jumamosi, mimi na tonton wako, na kreti ya bia. Mama yake Antoinette alinifunga kitenge kipya kiunoni, nami nikampa changu, ndiyo heshima yao. Antoinette alipita na sahani akitazama chini, lakini nilimwona anacheka pembeni. Papa Modeste aliuliza swali moja tu, kwa ukali: "Mu famille yenu, bugonjwa ya kichwa iko?" Binti yake mkubwa aliolewa na mtu aliyerukwa na akili, akarudi nyumbani na watoto. Tonton Bertin akaapa: "Hata moja, papa."

Wamekubali. Ila mzee anataka kusikia sauti yako mwenyewe kwa simu kabla ya Noeli, na kabla hujaongea na binti. Ndiyo desturi ya nyumba yake. Usinitie aibu.

Mama yako

Koekelberg, 2 Desemba 2006

Mama,

Salamu. Nisamehe kwa barua fupi. Afya sina, na hata kueleza ninashindwa. Nakwenda kazini gizani, narudi gizani. Siku ya mapumziko nalala mchana kutwa na bado naamka nimechoka. Naishika simu, nafikiria sauti ya Papa Modeste, naiweka chini. Kila mwaka huwa hivi tangu nifike huku, nikidhani ni uvivu wangu. Sidonie, mwenzangu wa kazini, mtu wa Bukavu, amenivuta hadi kwa daktari. Daktari anasema ni ugonjwa kweli. Unakuja na giza la majira ya baridi, na jua likirudi unaondoka. Amesema nikae mbele ya taa kali kila asubuhi. Sijainunua. Kufika dukani ni mlima.

Mwambie Antoinette ukweli. Mwambie ninaumwa, angoje. Nakuomba hilo tu.

Mtoto wako,
Hilaire

Lubumbashi, 20 Desemba 2006

Mwanangu,

Nakusalimu. Guylain, mwenzako wa huko Bruxelles aliyekuja huku kwa Noeli, amenifikishia barua yako. Nilicheka, halafu nikaogopa. Giza? Sisi huku umeme unakatika kila jioni, na sijaona mtu aliyeugua giza! Vaa sweta, kula bukari ya kushiba, piga magoti uombe.

Neno hilo silipeleki kwa Papa Modeste. Akisikia ugonjwa wa namna hiyo atafunga mlango, na dada zako nao nani atawaoa? Nimewaambia una kazi nyingi, wazungu hawakupi nafasi. Piga simu, mwanangu. Dakika tano tu.

Mama yako

Lubumbashi, 18 Februari 2007

Mwanangu Hilaire,

Uko hai? Simu inalia mpaka inachoka. Noeli imepita, Bonne Année imepita. Juzi Antoinette alikuja kwa siri, akanisaidia kuchambua maharagwe. Akauliza: "Maman, Hilaire anasemaka nini?" Nikamwambia kazi nyingi. Akachambua mpaka maharagwe yakaisha. Kwao ameanza kuja mtu mwingine, injinia wa Likasi. Andika hata mstari mmoja.

Mama yako

Koekelberg, 15 Aprili 2007

Mama mpendwa!

Salamu, salamu! Magoti yanaendeleaje? Jua limerudi. Wiki hii nimefungua madirisha, nimefua mapazia, nimepika sombe nikamlisha Sidonie mpaka akaomba huruma. Barua zako zilikuwa mezani tangu baridi, sikuwa na nguvu ya kuzifungua. Nimezisoma leo zote.

Kumbe hukumwambia. Mwambie sasa, mama, nakusihi. Pasaka imenipita nikiwa kitandani, lakini nimepata likizo ya mwezi wa tano, na mahari iko tayari. Nampigia Papa Modeste tangu asubuhi, hapokei.

Mtoto wako,
Hilaire

Lubumbashi, 29 Aprili 2007

Mwanangu,

Nakusalimu. Kaa chini kwanza.

Antoinette ameolewa na yule wa Likasi, Jumamosi ya baada ya Pasaka, siku moja kabla hujaandika barua yako. Wiki ya harusi alikuja kunirudishia kitenge nilichompa mama yake. Hapo nikashindwa, nikamwambia yote: giza, taa, kitanda. Akasema: "Maman, mugonjwa banamungojaka. Muntu wa kazi mingi, nani atamungoja?" Akalia begani kwangu, akaenda.

Nililinda jina la nyumba yetu, nikakuvunjia yako. Nimeona haya kwa ugonjwa ambao wewe hukuona haya kuniambia. Wanasema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu niliyempata mwaka huu ni huyo.

Mama yako

Koekelberg, 4 Novemba 2007

Mama,

Salamu. Kimya cha miezi hii yote hakikuwa cha giza, kilikuwa cha hasira. Sasa hasira imeniishia, nimebaki na kosa langu. Barua yako ya Oktoba ile ilinikuta bado nina nguvu, nikasema mzee nitampigia kesho. Nasikitika mpaka leo.

Majani yameisha mitini. Nimenunua taa, nakuandikia mbele yake, chai iko pembeni. Si jua, lakini inasaidia kidogo. Nitanyamaza tena, najijua. Mtu akiniulizia, usiseme nina kazi.

Mtoto wako,
Hilaire

Lubumbashi, 23 Desemba 2007

Mwanangu Hilaire,

Nakusalimu, na dada zako wanakusalimu.

Leo baada ya misa Papa Modeste alinisimamisha mlangoni, kwaya nzima ikisikia: "Na Hilaire, iko bien kule?" Dada zako wakanitazama. Nikamjibu kwa sauti: "Iko mugonjwa, papa. Bugonjwa ya giza. Itaisha jua ikirudia." Mzee akavua kofia, akaigeuzageuza mikononi, akasema pole. Magoti yalisema njia nzima nikirudi nyumbani, na mvua haikuwepo.

Usijilazimishe kujibu barua hii. Kaa na taa yako. Tunakungoja.

Mama yako